Watoto na risasi za kuokota
Wasikilizaji wa Bunia na ndugu wahami, juzi nilimwona mtoto akigonga risasi kwa jiwe apate ile shaba. Nilimwambia polepole aiache chini, akaondoka amenuna.

Risasi nzima si shaba tu. Nyuma ina kidude kinachowaka kikigongwa, ndani baruti, mbele kile kichwa cha kuua. Ikilipuka nje ya bunduki, ganda lenyewe hupasuka na vipande vyake huingia machoni. Motoni ni vilevile; mama anayechoma takataka aangalie kwanza. Hapa tumepigana mjini tangu 2003 na hata kabla, udongo umeficha nyingi.

Ukiikuta usiiguse. Weka alama pembeni, mwambie mkubwa wa kambi. Na ninyi wanunuzi wa vyuma, mkikuta risasi nzima ndani ya mfuko wa mtoto, msimlipe.