Kiwanda cha vioo

Mwaka 2022 tulitembelea Dresden, Ujerumani, kiwanda cha Volkswagen kilichochorwa na Gunter Henn. Kuta ni vioo, na wakati huo mgeni aliona mikono ya wafanyakazi wakiunganisha gari la umeme. Chini wametandika mbao, kama ukumbi wa harusi! Kando kuna mnara wa vioo wa mita 40 hivi, umejengwa kupanga magari kama vikombe kabatini.

Betri hukaa chini ya sakafu ya gari. Hapo tulisimama sana. Ndani mna kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka kwetu. Sisi wa Kolwezi, baba watoto akishuka shimoni asubuhi, hatumwoni tena mpaka jioni. Tunasikiliza mlango tu.