Sahani ya Peke Yake

Alhamisi, 12 Juni 2025
Mzee amepaka nywele rangi nyeusi. Nimemkuta uani, michirizi bado iko shingoni. Sikumwuliza. Huku Ganze, Kilifi, mvi zimegeuzwa ushahidi wa uchawi, na wazee wengi wanazificha. "Mwanangu, nimechoka kutazamwa," akasema.

Tangu mjukuu wa nduguye afariki kwa homa, Mzee hupakuliwa kwenye sahani ya peke yake na watoto wamekatazwa kuingia chumbani mwake. Hakuna aliyemgusa. Lakini mimi dhuluma naihesabu kuanzia hapo, kwenye sahani. Tukingoja panga ndipo tuite polisi, tumechelewa.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeulizia shamba. Hati bado ina jina la marehemu baba yao Mzee na nduguye, halijagawanywa, na mtoto wa nduguye ameshaleta wanunuzi. Huyo huyo ndiye aliyeanza kutamka "mchawi" matangani.

Watu wa mbali husema huku Kilifi wazee wanauawa kwa ushirikina. Ushirikina upo, siukatai. Ila katika kesi nilizozishika, ukiichimba tuhuma, mara nyingi unalikuta shamba.

Jumapili, 15 Juni
Leo ni siku ya kimataifa ya kupinga dhuluma kwa wazee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hudhulumiwa. Wengi hawasemi. Bibi mmoja ameniambia baada ya ibada kwamba pesa zake za Inua Jamii, zile serikali huwapa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, huchukuliwa na mjukuu na yeye haoni hata ya sukari. Nikamwuliza kama tumwone chifu. "Nikisema, nani atanichotea maji?" Sikuwa na jibu, na hadi sasa swali hilo linanikera.

Jumatatu, 16 Juni
Kwa chifu. Sheria ya Uchawi ya 1925, pamoja na ukoloni wake, inasema kumtuhumu mtu uchawi ni kosa, isipokuwa umepeleka habari kwa wakuu kama chifu au polisi. Kutangaza matangani si kupeleka habari. Yule kijana wa nduguye Mzee ameitwa.

Nilimshauri Mzee ahamie kwa muda Kaya Godoma, wanakohifadhiwa wazee waliotuhumiwa. Amekataa: "Nikitoka, wamelipata." Anasema kweli. Hifadhi huokoa roho, na shamba likabaki kwa aliyetuhumu.

Basi tunafungua kesi ya mirathi ya baba yao: barua ya chifu, cheti cha kifo, majina ya warithi wote, mabinti wakiwemo. Kijana naye ataandikwa, maana fungu la babake ni haki yake. Dada yake Mzee, aliyeolewa Vitengeni, amekubali kuja kukaa naye mpaka mambo yatulie. Kesho asubuhi namtumia nauli.