Radari ya gari ikinyamaza

Wamama wenzangu, juma hili siandiki juu ya madaftari wala minerval. Naandika juu ya gari, kwa sababu katika parseli yetu hapa Bukavu watoto tisa wa nyumba tatu wanacheza palepale ambapo gari la yaya wangu linageukia.

Yaya anauza vitambaa. Gari alilinunua likiwa limekwisha kutumika Japani, usukani kuume, na aliyemuuzia alikuwa amefunga radari nne kwenye parshoki ya nyuma. Mnazijua: vile vidude vya mviringo, vipana kama sarafu. Ukitia vitesi ya nyuma vinalia bip, bip, na ukikaribia ukuta milio inashikana na kuwa mmoja. Mwezi uliopita, baada ya mvua kubwa, vikanyamaza kabisa. Yaya akasema, “Si kitu, nitaangalia kwa kioo.” Lakini mtoto wa miaka mitatu hafiki kwenye kioo.

Na kuna jambo linalonitia hofu zaidi. Radari inasema tu kama kuna kitu nyuma. Njia ikiwa wazi, inanyamaza. Ikifa, inanyamaza vilevile. Gari nyingine zilizotoka nazo kiwandani zinatoa mlio mrefu au kuwasha taa mbele ya dereva zikiwa na ugonjwa, lakini hizi za kuongezewa mara nyingi hazisemi neno. Dereva aliyezizoea anasikia kimya na kukanyaga mafuta.

Yaya alipeleka gari kwenye garaji moja. Wakatazama dakika mbili, wakadai dola 60 kwa kubadili zote nne. Nikamwambia yaya asitoe pesa kwanza. Vitu vinne kufa siku moja, saa moja? Hata darasani, watoto wote wakikosa jibu lile lile, ninachunguza kwanza swali.

Mwenzangu anayefundisha fizike alikuja siku ya posho. Alitucheka kwanza kwa lile neno radari, maana hizi zinatumia sauti, kama popo. Kila kimoja kinatoa sauti ya mitetemo kama 40.000 kwa sekunde, na sikio letu linaishia karibu 20.000, halafu kinasikiliza mwangwi. Sauti inakwenda metre 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio metre moja nyuma unarudisha jibu kabla hujapepesa jicho.

Tulifunga freni ya mkono, tukatia mawe nyuma ya magurudumu (parseli yetu ni mteremko, kama Bukavu yote), tukawafungia watoto barazani. Moteri imezimwa, kontakti imewashwa, vitesi ya nyuma imetiwa. Mwalimu akauliza: taa nyeupe za nyuma zinawaka? Hazikuwaka hata moja. Basi! Radari hizi za kuongezewa huchukua umeme kwenye waya wa taa ile. Fizibli ilikuwa nzima. Nyuma ya taa, mahali waya ulipoungwa kwa skochi tu, maji yalikuwa yameingia na shaba imegeuka kijani. Tulikata kipande kilichooza, tukasugua kwa karatasi ya msasa, tukaunga upya na kufunga vizuri. Taa ikawaka, bip ikarudi.

Lakini si yote. Niliinama nikaweka sikio karibu na kila kimoja. Kikiwa kizima unasikia tik-tik-tik ndogo, kama saa ya mkono. Cha tatu kilikuwa bubu. Ndani ya bute kuna kisanduku kidogo ambamo waya zote nne zinachomekwa. Tukabadilishana waya wa pili na wa tatu. Ububu ukabaki palepale, kwenye kidude kilekile. Basi kisanduku hakina kosa, ugonjwa uko kwenye kidude au waya wake. Tena kilikuwa kimepakwa rangi nene, siku parshoki ilipopakwa upya. Tukanunua kimoja tu. Wengine hawapendi kuuza kimoja, lakini ukizunguka sokoni utapata.

Kabla ya kufurahi nilitaka kuona radari inaona nini. Bidon ya litre 20: ililia mbali. Pulova nene niliyoivika fimbo nyembamba: ililia wakati fimbo iko karibu kugusa parshoki. Sufuria iliyowekwa chini kabisa, karibu na gari: haikulia hata kidogo. Fikirini basi mtoto aliyevaa pulova, amechutama akiokota mpira.

Kwa hiyo siku ile ile tuliweka sheria na wamama wa nyumba zote tatu. Gari haliwashwi mpaka watoto wote wako kwenye ngazi na mtu mkubwa amewahesabu kwa sauti. Yaya alinung’unika kwamba atachelewa sokoni. Mama wa nyumba ya chini akamjibu kwamba kuhesabu tisa hakumalizi nusu dakika, na kuanzia hapo ni yeye anayehesabu. Juzi alifika nane, akasimamisha gari. Wa tisa alikuwa chooni.

Matope ya parshoki tunapangusa kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji; kazi hiyo tumewapa wale wawili wa darasa la sita, na wanaigombania.