Kumtafuta Somo Unguja

Picha ya Bi Kidude, mwimbaji wa Unguja, iliyoenea duniani ni ya bibi kizee mwenye sigara mkononi na kipaza sauti mbele yake. Mama yangu, mzaliwa wa Pangani, hakumjua kwa picha hiyo. Kwake Bi Kidude alikuwa somo, mwanamke anayewafunda wari. "Kuimba anaimba," alizoea kusema, "lakini kazi yake ni unyago." Maneno hayo ndiyo yaliyonivusha bahari Februari 2014, kabla mwaka haujatimia tangu azikwe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Tanga, nafundisha watoto kuimba. Kila gazeti lililoandika habari za kifo chake tarehe 17 Aprili 2013 nililisoma, na kila mara nilibaki na kiu ile ile. Yalieleza safari zake za Ulaya na Japani. Yalitaja tuzo ya WOMEX aliyopewa mwaka 2005 kule Newcastle, na filamu iliyotengenezwa juu ya maisha yake. Ualimu wake ulipata mstari mmoja, tena mara nyingi mwishoni kabisa. Mtu aliyefundisha wasichana miaka na miaka anastahili zaidi ya mstari mmoja.

Nilikuwa sijawahi kufika Unguja, ingawa kwetu Tanga ni nyumba chache zisizo na ndugu upande ule. Boti kutoka Dar es Salaam ilichukua kama saa mbili, kaskazi ikivuma na mawimbi yakitupiga ubavuni. Tulipopita mnara wa Chumbe abiria wakaanza kukusanya vikapu vyao. Kisha mji ukajitokeza wote kwa pamoja, mweupe, na Beit al-Ajaib katikati. Mnara wake wa saa ulikuwa bado umesimama wakati huo. Uliporomoka Disemba 2020, nami namshukuru Mungu kwamba niliuona. Wifi yangu alikuwa akinisubiri nje ya lango la bandari ya Malindi. Kabla sijamaliza kumsalimia alikwishachukua mkoba wangu akajitwika.

Asubuhi yake tulianzia Mizingani, kwenye jengo la forodha la zamani, ambako Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilikuwa kikifundisha. Tulipanda ngazi za mbao huku kila mlango ukitoa sauti yake. Chumba kimoja kilikuwa na msichana wa shule mwenye mtandio mweupe, ameinamia ganuni, mwalimu wake akimhesabia mapigo kwa kidole juu ya meza. Chumba cha pili walikuwa wakipiga udi. Mwisho wa ukumbi kijana mmoja alisimama dirishani, uso umeelekea baharini, akipuliza saksafoni. Noti zile zile alizirudia kupanda na kushuka, na kila alipokosea alianza upya bila kuambiwa na mtu.

Nilisimama nikamsikiliza kwa muda mrefu. Saksafoni haikuwa kitu kigeni kwa Bi Kidude. Katika miaka ya tisini aliimba na Shikamoo Jazz, wazee wa Dar es Salaam waliokuwa wamepitia bendi kubwa za enzi zao, na sauti yake kavu haikumezwa na tarumbeta wala saksafoni zao. Kijana yule alikuwa na karatasi ya noti mbele yake. Bi Kidude hakuwa nayo, wala Siti binti Saad aliyemtangulia. Siti, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na Bi Kidude alikuwa akisimulia mwenyewe kwamba nyimbo zake alizipata kwa kumsikiliza mlangoni. Huo ndio uliokuwa mtaala: mlango, sikio, na subira. Nakipenda chuo kile kwa moyo wote, na ningetamani Tanga tuwe na mfano wake. Lakini nilichokifuata Unguja hakikuwa mle.

Wifi akanipeleka Ng'ambo. Tulivuka Darajani, tukapita chini ya maghorofa ya Michenzani yenye nguo zilizoanikwa kila ghorofa, tukaingia Raha Leo, mtaa alikoishi Bi Kidude. Watalii ni wachache huko. Nyumba ni za bati, mabaraza yamejaa wenyewe, na ukiuliza njia unapewa na maji ya kunywa. Bibi tuliyeelekezwa kwake tulimkuta barazani akisuka ukili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibuni."

Wifi akamwambia: "Huyu mgeni wetu, katoka Tanga. Kaja kumuulizia Bi Kidude."

"Katangulia mbele ya haki. Wamuulizia nini tena?"

"Namuulizia somo," nikajibu. "Mwimbaji namjua kwa redio."

Akaweka ukili chini, akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Weye umechezwa?"

"Nimechezwa bibi, kwetu."

"Basi pita ndani."

Alitupitisha hadi uani. Akamwagiza mjukuu wake atoe msondo uliokuwa mvunguni, ngoma ndefu ya mti uliochongwa, iliyowambwa ngozi upande mmoja. Akaipiga kwa ncha ya kidole. Ikatoa sauti butu, kama mtu anayegonga gunia. Hakuridhika. Aliwasha moto wa makumbi, akailaza ngoma ngozi ikielekea motoni, akawa anaizungusha taratibu, na kila mara anaipima kwa kidole. Hakuzungumza wakati wote huo. Ngozi ilipokaza, kidole kile kile kikatoa mlio mkali uliomfanya kuku akimbie uani. Ndipo alipochukua kanga, akaifungasha ngoma kiunoni ikapita katikati ya miguu yake, namna ile ile ambayo Bi Kidude alionekana nayo majukwaani, akasimama.

Mkono wa kushoto ulishika mwendo mmoja usiobadilika. Wa kulia ulikuwa unasema: unauliza, unanyamaza, unarudi kwa nguvu. Nikajaribu kuufuata kwa makofi, akatikisa kichwa bila kuacha kupiga. Nilikuwa napiga pale alipokuwa ananyamaza. Akanionyesha kwa mabega, nikapata. Kisha midomo yake ikaanza kutembea na wimbo, na papo hapo akaacha kupiga.

"Hapa yanaanza maneno," akasema. "Maneno si ya mchana, wala si ya kila mtu."

Sikumsihi. Nami yapo niliyofundwa nikiwa mwari ambayo sijayaandika popote na sitayaandika. Lakini pale uani nilielewa kwa nini magazeti yalikuwa na mstari mmoja tu. Wapo watu Unguja waliochukizwa na Bi Kidude kwa kuupandisha unyago jukwaani mbele ya wanaume na wageni. Mimi naona alilinda alichotakiwa kukilinda. Mapigo aliyatoa hadharani, na wasichana wa mjini ambao wangekua bila kuusikia msondo wakausikia. Mafunzo yenyewe, jinsi ya kujitunza mwili, jinsi ya kuishi na mume, jinsi ya kuishi na wakwe, yalibaki nyuma ya mlango kwa wenyewe. Anayetaka kumjua kwa santuri peke yake atapata nusu, nayo ni nusu nzuri mno.

Siku iliyofuata bibi akakubali kwenda nasi Kitumba, alikozikwa Bi Kidude. Tulipanda gari ya shamba, amebana mkoba wake mapajani, akinionyesha miembe na minazi kana kwamba ni jamaa zake. Bi Kidude alizaliwa Mfagimaringo, mtoto wa mchuuzi wa nazi, mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka wenyewe hakuujua. Siku ya mazishi yake walifika marais wawili, wa Muungano na wa Zanzibar. Siku yetu tulikuwa wanawake watatu na watoto wa kijijini waliotufuata nyuma. Tukamsomea Fatiha. Wifi alilia, na mimi nikamlilia mtu ambaye sikuwahi kukutana naye.

Garini wakati wa kurudi bibi aliniuliza shule zetu bara zinafungwa lini. Nikamwambia Disemba. Akasema na wao hufunga wakati huo, na ndipo wari wake wanapoingia ndani, watoto wa mitaa ya Raha Leo na Mwembeladu, wengine mama zao aliwacheza yeye mwenyewe.

"Njoo," akaniambia. "Kanga zako uje nazo, mbili, za kujifunga. Simu uiwache kwa wifi yako."

Nikamuuliza nije siku gani.