Eyam: Kijiji Kilichojifungia Mlango

Katika vilima vya Derbyshire, Uingereza, kipo kijiji kidogo kiitwacho Eyam. Wakazi wake hawatimii elfu moja. Nyumba ni za mawe, na kondoo hulisha katika makonde yaliyokizunguka. Mgeni asiyejua habari zake angepita akisifu maua tu. Lakini akisogea karibu na nyumba kongwe zilizo jirani na kanisa, atakuta vibao vyenye majina ya waliofia humo, mmoja baada ya mmoja.

Mwaka wa 1665 robota la vitambaa liliwasili kwa mshona nguo wa kijiji, likitoka London, mji uliokuwa ukiteketea kwa tauni. Inasimuliwa kuwa msaidizi wake, George Viccars, alilifungua akavianika vitambaa mbele ya moto, kwani vilikuwa na unyevu. Mwezi wa Septemba Viccars akafariki, na maradhi yakaingia nyumba hadi nyumba.

Juni 1666, kasisi kijana William Mompesson aliwaomba watu wasikimbie, wasije wakavipelekea vijiji jirani mauti. Yeye alikuwa mgeni, nao hawajamzoea. Akamwendea Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyeondolewa kwa tofauti za madhehebu, wakasimama pamoja. Watu wakaridhia. Chakula kikawa kinaachwa mpakani, nao wakilipa kwa sarafu zilizotiwa ndani ya siki, katika mashimo ya jiwe ambalo lingalipo hadi leo. Ibada ikahamishiwa bondeni, kila jamaa wakikaa mbali na wenzao.

Uamuzi huo haukuwa rahisi. Katika miezi 14 walikufa watu wapatao 260, akiwemo Catherine, mkewe Mompesson. Naye Bibi Elizabeth Hancock, mwezi wa Agosti, alimzika mumewe na watoto sita kwa siku nane, peke yake, kwa mikono yake. Makaburi yao yako kondeni, yamezungushiwa ukuta mfupi wa mawe. Mzazi gani atayatazama asiinamishe kichwa?

Kwetu Waislamu, hekima hii si ngeni. Takriban miaka elfu moja kabla ya Eyam, Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha kutufunza kwamba tauni ikiwa katika nchi tusiiingie, na ikitukuta ndani tusitoke kwa kuikimbia. Nasi wa Pwani tumeyaonja hayo: Mei 2020, ndani ya Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa, hapana kuingia wala kutoka, na Idi ikatukuta majumbani.

Watu wa Eyam hawakuiachia hadithi yao ipotee. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, hukusanyika kuwakumbuka wazee wao, na visima vya kijiji hupambwa kwa picha za petali za maua zilizobandikwa juu ya udongo. Mtoto hukua akiyajua majina yale kwa kuyaona barabarani.

Je, wetu tuliowazika mwaka ule kwa jamaa wachache, watoto wetu wanawajua? Tusingoje kibao cha ukutani. Jioni moja, baada ya Magharibi, mama na awaketishe wanawe, awatajie jina moja moja, kisha wawaombee dua.