Kwenda Mwazye kwa Gari la Umeme

Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ina urefu wa kilomita 223, na ilipowekwa lami ilijengwa kwa vipande vitatu: Tunduma hadi Ikana kilomita 64, Ikana hadi Laela kilomita 64 nyingine, na Laela hadi Sumbawanga kilomita 95. Msafiri wa basi hana haja ya kuzijua hesabu hizo. Sisi tulizihifadhi kabla hatujafunga hata begi moja, kwa sababu gari tulilo nalo halinywi petroli. Ni Nissan Leaf iliyotumika Japani, ambayo betri yake ilipokuwa mpya ilibeba uniti 40, na sasa hubeba kama 34. Katika lami, tukienda mwendo wa kilomita 70 kwa saa, uniti moja hutufikisha kilomita sita. Msomaji akizidisha atapata kilomita 200 na ushei, na mwisho wa kilomita hizo gari ni chuma tu kilichoegeshwa kando ya njia.

Tulitoka Mbeya wiki ya Idd el Hajj, Juni 2024, shule zikiwa zimefungwa. Tulikuwa watano: sisi wawili, watoto wawili, na mama. Safari yenyewe ilikuwa ya mama. Dada yake mkubwa anaishi Mwazye, katika Wilaya ya Kalambo, na kwa miaka tisa ndugu hawa wawili hawakuwa wameonana ila kwa sauti ya simu. Mama mkubwa hatembei tena zaidi ya uani. Mama naye magoti hayamruhusu kukaa saa nyingi katika kiti cha basi. Anahitaji kushuka, kujinyoosha, na kukaa tena. Kuunga udugu ni wajibu ambao wengi wetu tunauahirisha kwa udhuru wa nauli na kazi. Kwa wazee hawa wawili hapakuwa na nafasi ya kuahirisha tena.

Wenzetu wa Dar es Salaam walipopata habari walitutania, kama desturi ya wanaoijua Sumbawanga kwa masimulizi tu, kwamba huko hatutahitaji soketi, radi za huko zinatosha kulijaza gari. Utani huo umezeeka, na wenyeji wa Rukwa wamechoka kuusikia. Shida ya umeme wa Ufipa ni ya kawaida kabisa, na inafahamika chanzo chake.

Mwaka ule nchi yetu ilikuwa ikifurahia mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, bwawa lililojengwa ili litoe megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kazi miezi michache kabla ya safari yetu. Lakini Mkoa wa Rukwa ulikuwa bado nje ya gridi ya taifa. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilikuwa imepata umeme wake kwa kuununua Zambia, kupitia njia inayotoka Mbala, na majenereta ya mafuta yalikuwa msaidizi. Ndiyo maana njia kubwa ya kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa ikisubiriwa kwa hamu. Nayo Zambia hutegemea maji kwa sehemu kubwa ya umeme wake. Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Maji ya Ziwa Kariba yalishuka, na Wazambia wakaanza kukaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Basi mtu anayepanga kwenda Mwazye kwa gari la umeme alipaswa kutazama mbali kuliko kituo cha mafuta kilicho mbele yake. Alipaswa kuuliza habari za mvua ya Zambezi.

Ama vituo vya kuchajia, vingi vya nchi yetu viko Dar es Salaam. Na hata kinapopatikana kimoja mikoani, si kila plagi huingia katika kila gari. Leaf yetu hutumia plagi ya Kijapani iitwayo CHAdeMO, ilhali vituo vipya mara nyingi hufunga ile ya Ulaya, CCS2, au ya Kichina, GB/T. Ni kama kufika kisimani ukakuta kamba fupi. Tulibaki na njia ya polepole, yaani waya wa gari katika soketi ya kawaida ya ukutani, unaovuta takriban uniti mbili na nusu hadi tatu kwa saa. Kuijaza betri tupu kwa njia hiyo huchukua usiku mzima na kipande cha asubuhi.

Kwa hiyo ramani yetu ilikuwa ya watu. Majuma mawili kabla ya safari tulipiga simu, tukajifunza kwamba neno "upo" lina maana nyingi. Ukiuliza kama umeme upo, utaambiwa upo. Ukiuliza kama ulikuwapo jana tangu magharibi hadi alfajiri, utaanza kupata habari. Ukiuliza soketi iko umbali gani na mahali ambapo gari linaweza kusimama usiku, kama ina waya wa ardhini, na nani anashika ufunguo wa chumba hicho, hapo mwenzako naye hutoka nje kwenda kuangalia. Tulimwomba kila mwenyeji atoke akaangalie. Nyumba moja ya wageni ilituhakikishia kwamba ina mtambo wa kuchaji magari. Tuliiandika katika daftari, na pembeni yake tukaandika mahali pa pili. Tulipofika, mtambo ulikuwapo kweli ukutani, umefunikwa turubai, na aliyeufunga alikuwa amehama mji.

Siku ya kwanza tulilala Tunduma, kwa jamaa, gari likichaji tangu adhuhuri. Asubuhi tuliondoka betri ikiwa imejaa, tukatumia uniti 21 kufika Laela. Hapo mwenyeji wetu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu tuliyeunganishwa naye na ndugu wa msikitini. Mafundi wa kuchomelea ndio watu wa kutafutwa na mwenye gari kama letu, kwa sababu nyaya zao ni nene na hawashangai kifaa kinachovuta umeme mwingi. Alilitazama gari, akazunguka nyuma kutafuta bomba la moshi, akacheka.

"Mzee, mimi soketi ninayo," alisema. "Ila umeme ukikatika, msinidai mimi."

"Hatukudai, fundi. Tunakulipa uniti zitakazoingia, na muda wako."

"Muda haulipiwi. Mama apewe kiti kivulini."

Tulikaa saa tano. Mama alijinyoosha mguu juu ya benchi, watoto wakatazama cheche kwa mbali kama walivyoamriwa. Safari kama hii huzidi mara kadhaa umbali wa kilomita themanini na kitu unaotajwa na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, kwa hiyo tuliswali Adhuhuri rakaa mbili na Alasiri rakaa mbili, tukizijumuisha. Ziliingia uniti 15. Kwa kweli hatujawahi kufanya safari ambayo sala zake hazikuharakishwa hata moja. Dereva wa basi hangoji namna hiyo. Fundi alikuwa na wateja wawili wa mageti, na gari letu liliwazibia mlango. Hawakulalamika, nasi hatukufurahia kuwa kero.

Usiku ule Sumbawanga ilikuwa na baridi, kama ilivyo kila Juni katika uwanda ule ulioinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Betri haipendi baridi, hupunguza mwendo wake na kuchelewa kujaa. Kisha umeme ulikatika baada ya Isha, ukarudi karibu na alfajiri. Katika ratiba tulikuwa tumeweka siku nzima ya kungoja Sumbawanga, bila kazi nyingine, na siku hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Asubuhi hiyo imamu wa msikiti tulioswalia aliliona gari, akasema kwa ukarimu tuchomeke pale msikitini bila malipo. Tulimshukuru, tukamwomba kwanza aulize kamati. Waumini wanaochangia umeme wa msikiti hukusudia taa, pampu ya maji ya udhu na kipaza sauti. Hakuna aliyetoa sadaka yake ili gari la wapita njia lifike Kalambo. Kamati iliridhia kwa sharti letu wenyewe: tukanunua uniti kwa namba ya mita ya msikiti kabla ya kuchomeka, tena zaidi ya tulizokusudia kutumia. Tunaliandika jambo hili kwa sababu magari haya yataongezeka, na soketi ya msikiti ipo wazi kila mahali. Ruhusa ya imamu mmoja mwenye haya haitoshi.

Kwa mama mkubwa palikuwa na hesabu nyingine, iliyo nyeti kuliko hiyo. Nyumba nyingi za vijijini zilizounganishwa na umeme ziko katika daraja la matumizi madogo. Mwenye kutumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akivuka hapo, za ziada humpanda zaidi ya mara tatu. Gari letu likijazwa mara moja tu linakula karibu nusu ya uniti 75 za mwezi mzima. Mgeni anayechomeka kwa furaha na kuacha elfu tano mezani anaweza kuwa amemharibia mwenyeji mwezi. Tuliamua kuchukua kwake uniti 12 tu, na tukalipa kwa bei ya juu.

Kutoka Sumbawanga tulishika njia ya Kalambo, kisha tukaiacha lami. Uwanda wa Ufipa mwezi Juni umekwisha kuvunwa. Mabua ya mahindi yamelala, ulezi umeanikwa, na upepo hauna mti wa kuuzuia. Katika vumbi na mashimo uniti moja ilitufikisha kilomita tano tu, na tulipotazama kipimo tulimwona mama naye akikitazama, ingawa hajui kukisoma. Katika uwanda huu wazee wa Kifipa walijenga tanuri za udongo zenye urefu kupita mtu, wakayeyusha chuma kwa makaa; walijua hesabu ya nishati kabla yetu.

Mwazye ni mahali palipojulikana na Wakatoliki. Mapadre Weupe waliweka misheni hapo mapema katika karne iliyopita, na ndiko alikozaliwa Kardinali Polycarp Pengo mwaka 1944. Waislamu ni wachache. Mama mkubwa, ambaye marehemu mumewe alikuwa mfanyabiashara wa samaki wa ziwani, ameishi humo kwa heshima, na waliotupokea barabarani walikuwa majirani zake Wakristo, waliokuwa wamekwisha kuondoa mkokoteni ili gari lisogee karibu na dirisha lenye soketi.

"Shikamoo, dada," alisema mama, hata kabla ya kuketi.

"Marahaba. Umechelewa."

Hawakusema mengine kwa muda. Sisi tulitoka nje kunyoosha waya.

Watoto walitaka kuona Maporomoko ya Kalambo, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja mpakani na Zambia, na ambako watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba juu ya maporomoko walikuta magogo yaliyoungwa na mikono ya binadamu kama miaka 476,000 iliyopita. Walitaka pia Kasanga, waone ziwa. Tuliwakatalia kwenda kwa gari letu. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 1,000 chini ya uwanda. Kulipandisha gari la tani mbili pamoja na abiria kimo hicho hula uniti tano na nusu kabla hujahesabu umbali wenyewe, na mteremko hurudisha sehemu tu. Walikwenda Kasanga na baba yao kwa gari la abiria, wakarudi na migebuka. Gari lilibaki uani likiwa na nusu ya betri ambayo hatukuigusa, kwa ajili ya mama mkubwa, endapo angehitaji kupelekwa hospitali usiku. Hakuhitaji, alhamdulillahi.

Usiku wa mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza jambo ambalo sisi tulilizunguka. "Gari lenu hili, siku mkipigiwa simu kwamba nimekwenda, litawafikisha?"

Tulimjibu kweli. Siku nne za kuja haziwezi kuwa siku ya mazishi. Janaza ya Mwislamu haingoji betri, na siku hiyo tutapanda basi la alfajiri kutoka Mbeya, na mama, kwa magoti yake, huenda asiwahi. Gari hili ni la kumtembelea mtu angali hai.

"Basi njooni na hilo hilo," alisema. "La msiba nitakuwa sina habari nalo."

Tukapanga Desemba, shule zikifungwa, ingawa mvua zitakuwa zimeanza na kipande cha udongo kitakuwa utelezi. Ratiba ni ile ile, na siku moja zaidi ya kungoja Sumbawanga. Fundi wa Laela amekwisha kupiga simu: ameifunga soketi nyingine ubavuni mwa karakana, ili safari hii gari lisiwazibie wateja wa mageti.