Mlima Utapikao Magadi

Ndugu msomaji, huenda jikoni kwako hakukosi kipande cha magadi, kile ambacho mama hukidondosha katika chungu cha maharage makavu ili yaive upesi na mkaa usiishe bure. Je, umepata kusikia kwamba katika nchi yetu umo mlima ambao tumboni mwake hutoka kitu kilicho ndugu wa karibu wa magadi hayo? Huo ni Ol Doinyo Lengai, maana yake kwa Kimaasai Mlima wa Mungu. Volkano hai duniani ni nyingi, lakini itoayo lava ya namna hiyo leo ni hii moja tu.

Ukitoka Arusha, pitia Makuyuni hadi Mto wa Mbu, kisha ushike njia ya kaskazini, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa mkono wako wa kushoto. Utaipita Engaruka, na kabla hujafika kijiji cha Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, mlima utakusimamia mbele kama pia iliyopinduliwa. Kilele chake hukaribia mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa liko kwenye mita 600 hivi. Apandaye huanza safari usiku wa manane akiongozwa na wenyeji, maana mteremko ni mkali na jua la bonde hilo halina huruma.

Kwa mbali utadhani umeona theluji kileleni. Si theluji. Lava ya Lengai hutoka ikiwa nyeusi au kahawia, nyepesi kama mafuta, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, yaani kama nusu ya joto la lava ya kawaida. Mchana hufanana na matope yatiririkayo. Wekundu wake huonekana usiku. Ikipoa na kukutana na unyevu wa hewa, hugeuka nyeupe. Mwaka 1962 mwanajiolojia Mwingereza, J. B. Dawson, aliutangazia ulimwengu wa sayansi kwamba lava hiyo imejaa kabonati ya sodiamu. Wataalamu waliielewa volkano upya.

Hata hivyo, wakaao chini ya mlima huu wanaujua kwa namna nyingine. Mwaka 1917, mwaka 1940, mwaka 1966 na tena mwaka 2007, mlima haukutiririsha lava kwa upole bali ulilipuka na kurusha majivu juu sana. Julai 2007 ardhi ilitetemeka siku baada ya siku, na mwezi Septemba mlipuko ukaanza, ukaendelea hadi mwaka 2008. Hebu fikiri, msomaji, wewe ni mfugaji, nawe unaamka na kukuta nyasi zote zimefunikwa majivu ya chumvichumvi ambayo ng'ombe hawezi kuyala akabaki salama. Benki yako ni zizi, na zizi halina chakula. Familia nyingi zilikusanya watoto na mifugo zikahama.

Kisha zilirudi. Sisi wa mjini twaweza kushangaa: kwa nini mtu arudi chini ya mlima uliomfukuza?

Jibu limo katika majivu yale yale. Kwa maelfu ya miaka, upepo utokao mashariki umeyachukua majivu ya Lengai na ya volkano nyingine za nyanda za juu za Ngorongoro, ukayamwaga katika mbuga za Serengeti. Chini ya udongo huo yamejenga tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hupenya kwa shida, hivyo pameota nyasi fupi zilizojaa kalsiamu na fosforasi, madini yanayohitajiwa na mama anyonyeshaye. Ndiyo sababu nyumbu kwa mamia ya maelfu huja kuzalia huko kila mwaka mvua ziwapo, hasa mwezi Februari. Majivu yauayo malisho ya mwaka huu ndiyo yalishayo vizazi vijavyo.

Ziwa Natron nalo lina siri kama hiyo. Mito na chemchemi za moto hulipelekea chumvi za miamba ya volkano, na kwa kuwa halina mto wa kutokea, magadi hubaki yakikolea. Maji hayo huunguza ngozi, lakini ndege heroe, wale wa rangi ya waridi, hujenga viota vyao vya matope katikati yake, mahali ambapo fisi na mbweha hawathubutu kufika. Hapa ndipo heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanapozalia zaidi.

Wala usidhani mapatano haya ya binadamu na mlima ni ya jana. Karibu na Engare Sero zimo nyayo zaidi ya 400 zilizogandishwa katika matope ya majivu, zenye umri wa kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kundi la watu 17 waliotembea pamoja, 14 kati yao yaelekea wanawake. Labda walikuwa wakitafuta chakula cha nyumbani, kama mama zetu waendavyo sokoni.

Wamaasai husema Engai ana sura mbili: mweusi, aletaye mvua na majani, na mwekundu, mwenye ghadhabu. Hadi leo wapo waendao mlimani kuomba mvua, malisho na watoto. Ukijaliwa kufika, basi, mchukue kiongozi wa kijijini, usizikanyage nyayo zile, na umsikilize mzee akikusimulia mwaka wa majivu. Kisha mwulize ng'ombe wake wanalisha wapi siku hizi. Huenda akakunyoshea kidole kwenye miteremko ya mlima ule ule.